Tusi la Mzee Analibeba Nani?

Mwaka 2006, katika nyumba ya wazee iitwayo Plainfield Healthcare Center, jimboni Indiana, Marekani, kila mhudumu aliyeingia zamu alikabidhiwa karatasi inayomwonyesha wakazi wake wa siku na mahitaji yao. Kwenye mstari wa bibi mmoja paliandikwa kwamba hapendi kuhudumiwa na wahudumu weusi. Siku moja mhudumu mweusi alimkuta bibi huyo sakafuni, hana nguvu za kuinuka. Alisomea namna ya kumwinua, na alitaka kumwinua. Lakini karatasi ilikuwa imeshasema. Ikambidi amwache pale pale, azunguke jengo akimtafuta mwenzake mweupe aje kumnyanyua.

Haikupita miezi mitatu tangu aajiriwe akafukuzwa kazi. Alishtaki, akashindwa katika mahakama ya kwanza, akakata rufaa. Julai 2010 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 7 ikasema utaratibu ule wa karatasi ulikiuka Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964. Mwajiri alijitetea kwamba wakazi wana haki ya kuchagua wanaowahudumia. Majaji wakajibu kuwa haki ya mkazi kumchagua daktari wake haimpi mwajiri ruhusa ya kupanga zamu kwa rangi ya ngozi.

Kesi hiyo inastahili kutangulizwa katika mjadala wowote wa matusi ya kibaguzi kwenye nyumba za wazee, kwa sababu inatenganisha mambo mawili ambayo kila siku huchanganywa. La kwanza ni hatia ya mzee: alijua anachosema au hakujua? La pili ni wajibu wa mwajiri: baada ya kujua, alifanya nini? Wahudumu wengi hupoteza haki yao pale swali la kwanza linapotumiwa kulizima la pili. "Ni mgonjwa, mvumilie," huambiwa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wanaoambiwa hivyo sasa ni wengi, na wengi wao ni watu wetu. Katika England, karibu theluthi moja ya wafanyakazi wa huduma kwa wazee na walemavu ni watu weusi, Waasia na wa jamii nyingine zisizo za wazungu, ilhali katika idadi ya watu kwa jumla hawafiki hata robo. Februari 2022 serikali ya Uingereza iliwafungulia mlango wa viza ya afya na huduma wahudumu wa kawaida pia, si wauguzi na madaktari pekee, na katika mwaka wa 2023/24 waajiri binafsi wa England walipokea zaidi ya watu 100,000 kutoka nje. Zimbabwe, Nigeria na India ndizo zilizotoa wengi, na Wakenya walikuwamo. Marekani mkondo huo ni wa zamani zaidi. Wakenya wa Lowell, Massachusetts, na wa vitongoji vya Minneapolis, pamoja na Wakongo waliotua Portland katika jimbo la Maine, wengi walianza maisha kwa cheti cha uuguzi msaidizi. Ujerumani nayo imejiunga: Septemba 2024 Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz walishuhudia mjini Berlin kutiwa saini kwa makubaliano ya kuwapeleka Wakenya kufanya kazi huko, na matunzo ya wazee ni mojawapo ya sekta zenye njaa kubwa ya watu. Fedha zilizotumwa Kenya kutoka ughaibuni mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5, na zaidi ya nusu zilitoka Marekani. Sehemu yake ilichumwa kando ya vitanda vya wazee, usiku wa manane, kwa kazi ambayo vijana wetu huiita tu "kuosha wazee".

Tusi lenyewe lina sura nyingi. Kuna neno lile lile la zamani, linalorushwa mlangoni kabla mhudumu hajafungua pazia. Kuna kukataa kuguswa: "Usiniguse na mikono hiyo." Kuna kuamriwa kurudi alikotoka, kuitwa mwizi kila miwani inapopotea, kutemewa mate, kusuguliwa ngozi kuona kama rangi itatoka. Kuna pia maneno yanayokuja yamevaa tabasamu: kwamba huyu ni mzuri, hafanani na wenzake. Saa mbaya zaidi ni mbili. Asubuhi, wakati wa kuogeshwa na kubadilishwa nepi, mzee anapoona aibu na kuogopa mikono asiyoitambua. Na jioni, jua linapozama, saa ambayo wagonjwa wengi wa dimenshia, maradhi yanayomomonyoa kumbukumbu, huingiwa na mahangaiko na kuanza kutafuta kwao.

Tusi la dereva barabarani hupita na gari lake. Hili hutamkwa na mtu ambaye mhudumu lazima amvue nguo, amfute, amlishe kijiko kwa kijiko, na kesho arudi kumfanyia vivyo hivyo. Ukaribu huo ndio unaolifanya lipenye, na ndio unaolifanya liwe gumu kulisimulia kwa mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hiyo.

Sasa, ugonjwa. Shirika la Alzheimer's Society la Uingereza linakadiria kuwa watu 70 katika kila 100 wanaoishi kwenye nyumba za wazee wana dimenshia au matatizo makubwa ya kumbukumbu. Ugonjwa unaposhambulia sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayozuia ulimi usiseme kila kinachopita kichwani, breki hulegea. Mtu aliyekuwa mpole maisha yake yote anaweza kuanza kuapiza, kushika watu ovyo, kuvua nguo mbele ya wageni. Maneno ya matusi, kama sala na nyimbo za utotoni, ni miongoni mwa yanayodumu kinywani hata sentensi ya kawaida inapokuwa imeshavunjika.

Hata bila ugonjwa, uzee wenyewe una mchango. Mwaka 2000 mwanasaikolojia William von Hippel na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha vijana na wazee katika kuyazuia mawazo ya kibaguzi. Wazee waliegemea zaidi dhana potofu kuhusu watu weusi, ijapokuwa walisema wanatamani kujizuia kuliko hata vijana walivyosema. Nguvu ya kuzuia ndiyo iliyokuwa imepungua. Ila matokeo hayo yasomwe yote: breki ikilegea, kinachoteremka ni kile kilichokuwa kimeshapakiwa. Ubongo mgonjwa haubuni neno la kumtukania mtu mweusi. Unalikuta ghalani.

Na ghala hilo lilijazwa na historia. Mwingereza mwenye umri wa miaka 92 leo alizaliwa katika miaka ya 1930, akasoma ramani ya dunia iliyopakwa rangi ya himaya. Kama ni mwanamume, yaelekea alitumikia jeshi kwa lazima, maana wa mwisho walioandikishwa walitoka mwaka 1963. Baadhi ya wenzake walipelekwa Kenya. Kikosi cha Lancashire Fusiliers kilirushwa kwa ndege kutoka Misri hadi Nairobi Oktoba 1952 hali ya hatari ilipotangazwa, na vijana wa miaka 19 walifundishwa huko kumtazama Mkikuyu kama mtu wa kufungiwa au kuwindwa. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikiri mateso ya miaka ile na kukubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Wachache waliobaki wa kizazi hicho cha askari sasa wamo kwenye nyumba za wazee, na anayewapelekea chai anaweza kuwa mjukuu wa mtu aliyezungushiwa seng'enge kijijini kwake.

Wazee wengine wanaokula nao meza moja wana historia ya upande wa pili. Wauguzi waliotoka Karibi baada ya meli ya Windrush kutia nanga Uingereza mwaka 1948 walikutana na wagonjwa waliokataa kuguswa nao. Waliobaki kati yao ni wazee leo. Baadhi wanaishi katika nyumba hizo, na tusi linalorushwa kwa mhudumu ukumbini wanalisikia wao pia. Mipango ya kukabiliana na matusi huandikwa kana kwamba mkazi ni mzungu siku zote. Huo ni upofu wa kurekebishwa mara moja.

Wahudumu wenyewe hutenganisha wazee hawa kwa makini kuliko sera nyingi. Yupo asiyejua leo ni siku gani, anayekutukana saa 3 na saa 4 akakushika mkono akikuita jina la mwanawe. Huyo husamehewa, na msamaha wake ni wa kweli. Yupo pia mwenye akili timamu, aliyelazwa na miguu tu, anayesoma gazeti kila asubuhi na anayesubiri meneja aondoke ndipo aseme. Na kuna ndugu zake, wanaotembelea Jumapili, wasio na ugonjwa wowote, wanaouliza kama hakuna "mtu anayezungumza Kiingereza" wa kumhudumia mama yao, wakimuuliza mhudumu anayezungumza Kiingereza. Jibu moja haliwezi kuwatosha watu watatu tofauti namna hii.

Wanavumiliaje?

Wengi huanza na ugonjwa wenyewe. Kujiambia kwamba "ni maradhi, si yeye" humwondolea mhudumu hasira na kumrudisha kwenye kazi. Wenye uzoefu huenda mbali zaidi na kutafuta kilichomshtua mzee: baridi ya maji, maumivu ya nyonga, kibofu kilichojaa, sura ngeni iliyoinama juu yake ghafla. Tom Kitwood, aliyefundisha Bradford na kuandika mwaka 1997 kitabu kilichobadilisha fikra za Waingereza kuhusu dimenshia, alisisitiza kwamba nyuma ya tabia ngumu kuna mtu anayejaribu kusema jambo. Mhudumu aliyefundishwa hivyo hupiga hodi, hujitambulisha, huinama macho yawe sawa na ya mzee, huongea taratibu, hutandika taulo la moto mabegani. Mara nyingi tusi halifiki. Hizo ni mbinu za kitaalamu, na wanaozimudu hawalipwi kama wataalamu.

Njia ya pili ni kuondoka na kurudi. Mzee yuko salama, mlango unaachwa wazi, mhudumu anahesabu dakika 10 kwenye korido, kisha anaingia upya kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Kwa mgonjwa wa kusahau, kweli ndiyo kwanza wanaonana. Aliyebaki na kumbukumbu ya tukio la kwanza ni mmoja tu.

Kisha kuna wenzake. Chumba cha mapumziko cha wahudumu ni mahali ambapo tusi husimuliwa, huigizwa, huchekewa hadi machozi. Kicheko hicho kisieleweke vibaya: ndimo watu wanamothibitishiana kwamba jambo limetokea na kwamba si dogo. Kuna vikundi vya WhatsApp vya kanisa na vya kwao, kuna kwaya ya Jumapili, kuna sala fupi kabla ya kubonyeza namba za mlango. Mwafrika Mashariki ana mzigo wa ziada hapa. Amelelewa kumwamkia mkubwa kabla ya neno lingine lolote, na kutomjibu mzee hata akikosea. Malezi hayo ndiyo yanayomfanya mhudumu bora. Ndiyo pia yanayomwacha bila neno la kujikinga mbele ya mtu wa umri wa babu yake anayemdhalilisha. Kwenye simu ya nyumbani tusi halisemwi. Mama aliyeuza shamba kulipia wakala haambiwi kwamba mwanawe ametemewa mate asubuhi. Anaambiwa kazi ni nzuri, baridi tu.

Mwanasosholojia Arlie Hochschild alieleza mwaka 1983, akiwachunguza wahudumu wa ndege wa Marekani, kwamba kuna kazi ambazo mshahara hununua pia hisia: mfanyakazi hulipwa aonyeshe utulivu na uchangamfu, na kinyume chake akimeze. Kwenye nyumba za wazee kiasi kinachomezwa ni kikubwa. Martin Stevens, Shereen Hussein na Jill Manthorpe wa King's College London walipochapisha mwaka 2012 utafiti wao juu ya wahudumu wahamiaji wa England, walionyesha kwamba ubaguzi ulikuja kutoka pande zote: wakazi, ndugu, wafanyakazi wenza, mameneja. Kesi ya Indiana nayo ilitaja maneno ya kibaguzi ya wafanyakazi wenza. Ni rahisi kuona uhusiano. Nyumba inapouacha ubaguzi wa mzee uandikwe kwenye karatasi rasmi, imewafundisha vijana walio zamu nini kinaruhusiwa.

Kuhusu uvumilivu huo wote, Waswahili wana methali iliyo wazi: mkono usioweza kuukata, ubusu. Ni busara ya mtu aliyebanwa, na inasaidia kumaliza zamu. Lakini haifai kuwa sera ya kampuni.

Maana sera ya nyumba nyingi ni kubadilishana watu tu. Mzee akikataa mhudumu mweusi, mweupe anaingia, amani inarudi, chai inaendelea. Kwa dakika ile ya fujo hiyo ni hatua nzuri: mzee aliyetaharuki anahitaji sura nyingine, na mhudumu aliyetukanwa anahitaji kupumua. Ubaya unaanza pale mabadiliko ya dakika 10 yanapokuwa ratiba ya miezi 10. Mhudumu mweusi anapewa vyumba vizito zaidi kufidia kile alichoondolewa. Mweupe anachoka kwa kuitwa mara mbili. Mzee anasubiri akiwa amelowa. Na kila aliye kwenye jengo anajua kwa nini jina fulani halimo kwenye orodha fulani. Mwaka 2013 hospitali ya Hurley, mjini Flint, Michigan, ilishtakiwa na muuguzi wake baada ya baba wa mtoto mchanga kutaka muuguzi yeyote mweusi asimguse mwanawe na ombi lake kubandikwa kama maagizo ya kazi. Hospitali ililimaliza suala hilo kwa makubaliano. Mwanasheria Kimani Paul-Emile wa Chuo Kikuu cha Fordham ameandika kwa miaka mingi kuhusu utamaduni huu wa kuwaridhisha wagonjwa wabaguzi kimyakimya. Hoja yake ni kwamba hospitali hulazimika kupima uhai wa mgonjwa na haki ya mfanyakazi kwa pamoja. Katika nyumba ya wazee dharura ni chache na siku ni nyingi, hivyo kisingizio cha haraka ni chembamba zaidi.

Sheria ya Uingereza katika jambo hili imekwenda mbele, ikarudi nyuma, na sasa inakwenda mbele tena. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya masuala ya ajira iliamua kesi ya wahudumu wawili weusi wa hoteli moja ya Derby. Walikuwa wakiondoa sahani kwenye karamu huku mchekeshaji Bernard Manning akiwafanya wao shabaha ya mizaha ya rangi na ya ngono, na wageni wakidakia. Mahakama ilisema mwajiri anawajibika, kwa kuwa angeweza kuwatoa ukumbini na hakufanya hivyo. Mwaka 2003 majaji wa Baraza la Malodi waliukosoa uamuzi huo na kinga ikayeyuka. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 iliirudisha kwa kiasi: mwajiri angewajibika kama alijua mfanyakazi amenyanyaswa na mtu wa nje angalau mara mbili na hakuchukua hatua. Mwaka 2013 kifungu hicho kikafutwa. Kwa zaidi ya muongo mmoja, ambao ndani yake wahudumu wengi kuliko wakati wowote waliingia kutoka Afrika, hapakuwa na kifungu kinachomwambia mwajiri moja kwa moja kwamba tusi la mkazi ni jukumu lake. Sheria ya haki za ajira iliyopitishwa mwaka 2025 inakirejesha kwa nguvu zaidi: mwajiri atawajibika kwa unyanyasaji wa mtu wa nje isipokuwa aonyeshe kwamba alichukua hatua zote zinazofaa. Serikali imepanga kianze kutumika Oktoba 2026.

Na mgonjwa asiyejitambua je? Mahakama za Marekani zimehangaika na swali hilo. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 5 ilikataa madai ya mhudumu mweusi wa Texas aliyetukanwa mara kwa mara na mkazi aliyeathirika kiakili, kwa kutazama mazingira ya kipekee ya kazi hiyo. Mwaka 2019 mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya mhudumu wa Pascagoula, Mississippi, aliyeshikwashikwa na kupigwa na mkazi mwenye dimenshia, ilisema ugonjwa wa mkazi haumwondolei mwajiri wajibu wote. Jopo la raia wanaosikiliza kesi (jury) linaweza kuona kwamba unyanyasaji ulizidi kiwango ambacho mtu yeyote angetarajiwa kuustahimili. Hoja ni nzito. Mahakama haikumhukumu mzee. Ilimuuliza mwajiri.

Na hapa ndipo usalama kazini unapotoa somo. Maji yakimwagika sakafuni, hakuna anayeuliza kama maji yana hatia. Panawekwa alama, panapigwa deki, na aliyeteleza anaandikwa kwenye kitabu cha ajali. Mkazi mwenye dimenshia akimng'ata mhudumu, tukio huandikwa, jeraha huoshwa, mpango wa matunzo hupitiwa upya. Akimtukana kwa rangi yake kila asubuhi kwa mwaka mzima, aghalabu hapaandikwi kitu. Ilhali mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza huhesabu kutukanwa, kutishwa na kupigwa vyote kuwa ukatili kazini. Kitabu kipo, safu zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mhudumu kwamba hili nalo linaandikwa.

Kwa nini haandiki? Kwanza, kwa sababu aliandika mara ya kwanza na hakuna aliyerudi kumwambia kilichofuata. Pili, kwa sababu ya karatasi nyingine, ile ya viza. Mhudumu aliyeletwa na mwajiri Uingereza huishi nchini kwa udhamini wake. Udhamini ukifutwa, kwa kawaida hupewa siku 60 kumpata mwingine au kuondoka. Tangu Machi 2024 wahudumu wapya hawakuruhusiwa kuleta mke, mume wala watoto, na Julai 22, 2025 mlango wa kuajiri kutoka nje ukafungwa. Walio ndani wameachiwa kipindi cha mpito cha kuhama kutoka mwajiri hadi mwajiri hadi Julai 2028. Mtu katika hali hiyo hupima kila lalamiko mara tatu. Anajua pia kwamba kitanda kitupu ni hasara kwa mwenye nyumba, kwani mkazi anayejilipia anaweza kuwa analeta zaidi ya pauni 1,000 kwa wiki, na mhudumu mmoja ni rahisi kumbadilisha kuliko mteja huyo.

Nje ya nyumba pia kuna hofu. Mwanzoni mwa Agosti 2024, baada ya mauaji ya watoto Southport, magenge yaliingia mitaani katika miji ya England. Huko Sunderland wauguzi Wafilipino waliokuwa kwenye teksi wakiitikia wito wa zamu ya dharura walishambuliwa. Wiki ile baadhi ya wahudumu weusi na Waasia walikwenda kazini kwa makundi, au kwa kusindikizwa, na walipofika wakakuta televisheni ya ukumbini imewashwa na wakazi wakijadili.

Nyumba zinazofanya vizuri hazina siri kubwa. Majaji wa 2010 katika kesi ya Indiana walishaitaja sehemu kubwa ya wanayofanya. Mkazi na familia yake waelezwe kabla ya kuingia kwamba wahudumu hawachaguliwi kwa rangi, na waweke saini. Baada ya kuingia, tabia ishughulikiwe, isizungukwe. Wahudumu waambiwe waziwazi kwamba wanaweza kuomba kinga. Kwenye zamu yenyewe, kinachobadilisha hali kuliko mabango yote ni mwenzake mweupe aliye chumbani kufungua kinywa: "Usimwambie hivyo. Ni mwenzangu, na amekuja kukusaidia." Sentensi mbili, kwa sauti ya kawaida. Mzee anaweza asizikumbuke hata nusu saa. Mhudumu atazikumbuka.

Meneja naye ana kazi yake. Aingie mwenyewe chumbani kwa mkazi mwenye akili timamu na amweleze mipaka, kisha aite familia. Kwa mgonjwa wa dimenshia, aandike kwenye mpango wa matunzo maneno yanayotamkwa, saa yanapotamkwa na kilichotangulia, badala ya kuficha yote nyuma ya neno "ukali". Mhudumu mpya wa wakala anayeingia Jumamosi usiku ana haki ya kujua kinachomsubiri nyuma ya mlango. Na uamuzi wa kuendelea au kupumzika na mkazi huyo uanzie kwa aliyetukanwa. Tofauti kati ya kumwondoa mhudumu kwa sababu mzee ametaka na kumpumzisha kwa sababu yeye ametaka inaweza isionekane kwenye ratiba, lakini ndiyo tofauti ya ubaguzi na kinga.

Kadi nyekundu za hospitali hazitoshi hapa. Mwaka 2018 hospitali za North Bristol zilianzisha kampeni ya kadi nyekundu dhidi ya wagonjwa wabaguzi, na mwaka 2020 serikali ilitangaza kuwa huduma isiyo ya dharura inaweza kunyimwa anayewanyanyasa wafanyakazi kwa rangi. Mgonjwa wa hospitali hurudi kwake. Mkazi wa nyumba ya wazee yuko kwake tayari. Kumfukuza bibi wa miaka 90 asiyejua jina lake ni kumhamishia tusi mhudumu wa nyumba ya pili. Kwa mkazi anayejua afanyalo, au kwa ndugu mtukanaji, notisi na zuio la kutembelea ni silaha halali, na mameneja wanaozitumia mara moja hushangaa jinsi zinavyosaidia. Kwa mgonjwa asiyejua afanyalo, dawa ni wafanyakazi wa kutosha: watu wawili chumbani badala ya mmoja, muda wa kungoja dakika 10 zipite, nafasi ya kukaa na kuzungumza baada ya zamu mbaya. Yote hayo yana gharama, na ndiyo maana uvumilivu wa mhudumu umekuwa ukipendwa sana: haumgharimu mwajiri chochote.

Bado wapo ambao hata hayo hayawafikii. Ni wahudumu wanaokwenda majumbani, kutoka mlango hadi mlango, dakika 30 kwa kila mzee, wakifungua kwa ufunguo ulio kwenye kisanduku cha ukutani. Huko hakuna mwenzao wa kusema neno, hakuna korido ya kutokea, na mkazi ni mwenye nyumba kweli. Oktoba 2026 ikifika, hatua zinazofaa kwa mwajiri wa mtu aliye peke yake sebuleni kwa mtukanaji zitabidi ziandikwe upya karibu zote, kuanzia namba ya simu anayoweza kupiga saa 1 asubuhi na kupokelewa.